Mfagiaji aliyewavusha pundamilia 143

Saa moja na nusu asubuhi, jua limeshaanza uchokozi, na Kop yuko katikati ya Barabara ya Ufukweni na ufagio wake. Hafagii. Ameunyoosha mbele ya vifua vya watalii wawili, mume na mke, wekundu kama kamba waliochemshwa, ambao walishateremsha mguu mmoja mmoja barabarani.

Kisa ni taa. Dereva wa basi dogo la hoteli amewamulika mara mbili. Wao wakampungia mkono kumshukuru, wakaanza kuvuka. Basi likapita vuu! Upepo wake ukamvua mume kofia.

"Akikumulika hajakukaribisha!" Kop anawafokea kwa Kithai, polepole, neno moja moja, kana kwamba Kithai kikienda taratibu kinageuka Kizungu. "Amesema mimi napita, wewe ngoja. Umenisikia, baba?"

Baba amesikia, ila hajaelewa. Anacheka, anaupiga picha ufagio.

"Kwao huko taa maana yake 'tafadhali pita'," Kop anasema akirudi pembeni. "Hapa kwetu maana yake 'usije ukasema sikukuonya'. Taa ni ile ile, lakini mmoja anarudi kwao na zawadi, mwingine anarudi ndani ya sanduku."

Jina lake kamili ni Lamduan Phrommawong, ana miaka 54, ila hapa Ao Lamphu ukiuliza Lamduan utazunguka mpaka viatu viishe. Uliza Kop. Yaani chura. Bibi yake alimpa jina hilo kule Roi Et kwa sababu alizaliwa mvua ikinyesha, akalia mpaka majirani wakagonga mlango.

Madereva wa pikipiki za abiria wanaokaa kona ile, wenye vizibao vya rangi ya chungwa, hawamwachi apumue.

"Shangazi! Tangu lini chura akavusha watu? Chura mwenyewe ndiye anayekandamizwa na matairi kila mvua ikinyesha!"

"Ndiyo maana nina uzoefu," anawajibu.

Kop ni mfagiaji wa manispaa. Amefagia miaka kumi na saba, kipande cha mita mia nane, kuanzia lango la hekalu mpaka kwenye maduka ya kukanda miili. Analipwa baht 9,800 kwa mwezi. Kuvusha watu hakumo kwenye mkataba.

"Mkataba unasema majani na takataka," anasema. "Ila gari likigonga mtu, anayeitwa aje na ndoo ya mchanga kufunika damu ni nani? Si mimi? Nikaona bora nifanye kazi kabla ya ndoo."

Akaanza kusimama kivukoni asubuhi na jioni, watu wanapokuwa wengi. Hana filimbi, hana kofia ya askari. Ana ufagio wa chelewa, na kweli kazi ya ufagio huo siku hizi ni kuchelewesha.

Sasa, kuna habari ya wale wanyama.

Kwa lugha ya hapa, kivuko cha miguu kinaitwa njia ya farasi wa milia. Kwetu ni punda, kwao ni farasi, lakini mzigo ni ule ule. Miaka mitatu iliyopita muuza mboga mmoja aligongwa akafa pale pale, mbele ya kibanda cha mzimu mlinzi wa eneo, upande wa hekalu. Ndugu zake wakaleta sanamu mbili za pundamilia, wakaziweka kando ya kibanda ili ziwasaidie watu kuvuka salama.

Mambo yangeishia hapo yangekuwa mazuri. Lakini mtu mmoja akaomba namba ya bahati nasibu pale, akashinda. Akaleta pundamilia wanne wa shukrani. Mwingine akashinda, akaleta mmoja mrefu wa kumfika mtu kifuani. Wakaongezeka. Wa saruji, wa udongo, wa plastiki. Wengine wana miguu ya mbuzi, wengine wanatabasamu kama wachumba, maana waliowachonga hawajawahi kumwona mnyama mwenyewe. Mbele yao soda nyekundu zenye mirija, ili mzimu asipate kiu.

Walifika 143. Kop anajua hesabu hiyo kwa sababu alikuwa anawafuta vumbi.

Na walipangwa wapi? Pale pale ukingoni, upande magari yanakotokea. Dereva anayekuja hamwoni anayetaka kuvuka. Anayetaka kuvuka hamwoni dereva. Wote wanaona milia.

"Tulijenga ukuta tukauita ulinzi," anasema Kop.

Mwezi wa nne mwaka huu, siku chache baada ya sherehe za kumwagiana maji, mzee Prayat alifika kivukoni na mkokoteni wake. Prayat ana miaka 71 na anauza vitumbua vya nazi. Kila asubuhi alikuwa anavuka kwenda upande wa ufukweni, waliko wateja. Kop alikuwa amesimama karibu na sanamu. Akachungulia. Akaona kweupe.

"Nikamwambia, vuka mjomba, hakuna kitu," anasema.

Kulikuwa na kitu. Pikipiki ya binti wa mapokezi ya hoteli, aliyekuwa anawahi zamu. Mkokoteni ulipasuliwa, maji ya unga na tui yakamwagika barabarani, meupe kuliko rangi ya kivuko yenyewe. Prayat alivunjika mkono na nyonga ikapata ufa. Yule binti alikaa chini akilia: "Sikumwona, shangazi! Naapa niliona pundamilia tu!"

Kop anaokota kipisi cha sigara kwa ncha ya ufagio, anakiangalia, anakitia kwenye pipa.

"Aliyesema vuka ni mimi," anasema. "Hilo huwezi kulifagia."

Prayat alirudi kazini baada ya wiki saba, na mkokoteni mpya na fimbo. Ila havuki. Anauza upande wa hekalu tu, ambako asubuhi wapitao wengi wana bakuli zao za chakula tayari kuwapa watawa na hawana shida na vitumbua. Anauza nusu ya alichokuwa anauza zamani. Kop akimwita, "Njoo mjomba, nikuvushe," jibu analo mfukoni.

"Umeshanivusha mara moja, Kop. Kidogo nifike ng'ambo kabisa, ile ya bila kurudi."

Watu wa kona wanacheka. Kop hacheki. Siku ile ya kwanza alipojibiwa hivyo, alivuka barabara peke yake, akaenda moja kwa moja dukani kwa Oranut.

Oranut, miaka 60, anakodisha pikipiki upande wa ufukweni, na ndiye mshindi mkubwa wa namba za pale. Bila kuchaguliwa na mtu amekuwa msemaji wa mzimu. Pikipiki zake alikuwa anazipanga kwenye mdomo wa kivuko, kiasi kwamba ukimaliza kuvuka huna pa kupandia, unabaki barabarani kama mgeni aliyefungiwa nje.

Mazungumzo yao yalisikiwa na mtaa mzima, na kila mtu anayasimulia kwa sauti mbili.

"Dada Oranut, wale wanyama waondoke pale."

"Ukimgusa hata mmoja mguu wako utapinda."

"Wa mjomba Prayat umeshapinda, na hakumgusa hata mmoja."

"Ni mali ya mzimu mwenyewe! Mimi nani niwahamishe?"

"Basi nijibu hili. Waliletwa kufanya nini?"

"Kuvusha watu."

"Miaka mitatu wamesimama upande mmoja. Wao wenyewe wameshavuka?"

Wakandaji waliokuwa wanakula saladi ya papai bichi mlangoni wakaacha kutafuna.

"Mnyama amepewa kazi ya kuvuka," Kop akaendelea, "halafu tumemfunga pembeni kama gari bovu. Kama mzimu amekasirika, kakasirikia hilo. Kibanda chake kitabaki pale pale. Farasi wake ndio watakuja huku kwako."

"Huku wapi?"

"Hapo unapoweka pikipiki."

Ndipo kelele zilipoanza upya.

Mwishowe Oranut akasema haamui yeye, aulizwe mwenyewe. Wakaenda kibandani, wakawasha udi, Kop akashika sarafu mbili. Zikianguka sura tofauti, mzimu amekubali. Zikifanana, amekataa.

Mara ya kwanza zilifanana. Mara ya pili zikafanana. Oranut akaanza kukunja mkeka.

"Bado," akasema Kop, akapiga magoti tena. Mashahidi wanasema aliongea na kibanda kama dakika kumi: habari za muuza mboga, za mkono wa Prayat, za yule binti wa hoteli ambaye hata sasa anakuja kazini kwa miguu. Akarusha. Sarafu moja ikalala kichwa, nyingine mkia.

"Umemlazimisha!" Oranut akalalamika.

"Nimembembeleza. Hata wewe ukibembelezwa unakubali."

Pundamilia walihama siku ya ibada, mwezi ukiwa mpevu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Wafagiaji wanne, wakandaji, madereva wa pikipiki, watawa wawili waliokuwa wanapita tu wakaombwa wanyunyize maji. Wakubwa walibebwa na watu watatu watatu. Wadogo walikumbatiwa kama watoto. Wakaingia kivukoni mmoja nyuma ya mwingine, pundamilia juu ya pundamilia, kutoka upande huu kwenda ule.

Na hapa ndipo Kop alipoona jambo ambalo hakulitegemea.

Magari yalisimama.

Siyo moja. Yote. Lori la barafu likasimama. Mabasi ya hoteli yakasimama. Pikipiki zilizobeba watu wanne zikasimama. Hakuna aliyepiga honi, hakuna aliyemulika. Madereva wengine waliachia usukani, wakakutanisha viganja kifuani na kuinamisha kichwa. Dakika arobaini nzima barabara ilikuwa kimya mpaka ukasikia mawimbi.

"Nilifurahi, halafu nikashikwa na hasira," Kop anasema. "Miaka kumi na saba nabishana nao wasimame kwa ajili ya mtu. Mtu anapumua, ana mama yake. Hawasimami. Leo wanaona saruji iliyopakwa rangi, wote wanainama!"

Sanamu sasa zimepangwa pande mbili za mdomo wa kivuko, mbele ya duka la Oranut, wafupi mbele na warefu nyuma kama picha ya darasa. Hakuna anayethubutu kuegesha juu yao. Upande wa hekalu ni kweupe: dereva anakuona na wewe unamwona. Huu ni mwezi wa tano tangu wahame, hajagongwa mtu pale. Oranut amesogeza pikipiki zake uchochoroni na anawaambia wateja kuwa wazo lilikuwa lake.

Bahati nasibu ya wiki ile nusu ya mtaa ilinunua 143. Ikatoka 341. Lawama zote zikamwangukia Kop, kwamba aliwahesabu kuanzia upande usiofaa.

Lakini kivuko kina tabia mpya. Wakandaji wamegundua kuwa ukivuka na pundamilia mdogo kwapani, magari yanakuachia njia. Wanaazima mmoja, wanavuka, wanarudi naye. Kop hapendi.

"Kwa hiyo kila binadamu atembee na sanamu? Watoto wa shule, wagonjwa, wazee? Na mwenye mkokoteni ataishika na mkono gani?"

Amepeleka ombi manispaa: taa ya kivuko yenye kitufe, ubonyeze magari yasimame. Sahihi 212, nyingine za dole gumba. Ameambiwa asubiri bajeti ijayo. Kusubiri hajui, ndiyo maana ameanzisha lake.

Kila asubuhi, kwa dakika kumi, anaegemeza ufagio ukutani. Hana sanamu, hana kitu. Ananyoosha mkono mtupu na kushuka barabarani hatua moja, magari ishirini ya kwanza. Anahesabu yanayosimama. Wiki ya kwanza halikusimama hata moja. Juzi yalisimama matatu. Jana manne.

Mzee Prayat anayafuata mashindano hayo kutoka kwenye mkokoteni wake, akigeuza vitumbua kwa kijiko. Ameweka sharti, na mtaa mzima unalijua: siku yatakaposimama kumi kwa mkono mtupu, atavuka.

"Nina miaka sita kabla ya kustaafu," Kop anasema. "Kumi nitayapata mapema. Nataka mjomba avuke akiwa bado ana meno ya kula vitumbua vyake mwenyewe."

"Meno yangu yaache!" Prayat anajibu kutoka kule. "Hesabu magari!"

Saa mbili kasoro. Kop ananyoosha mkono, anashuka. Yanapita matano, bila hata kupunguza mwendo. La sita linasimama. La tisa, la kumi na moja, la kumi na nne. Manne. Kwa mbali basi dogo linakuja kasi, dereva anamulika, mara moja, mara mbili. Kop anaongeza hatua ya pili.

"Wewe! Mkono huu huuoni mpaka uote milia?"

Breki zinalia. Basi linasimama, pua yake kama mita mbili kutoka kwenye kiganja chake. Mlango unafunguka, mtalii mmoja mwenye begi anateremka.

"Huyo hahesabiki!" Prayat anapiga kelele. "Ameshusha abiria!"

"Amesimama, hajasimama?"

"Ameshusha abiria, Kop! Usiniibie!"

"Matano!" anasema Kop, na analigeukia gari la kumi na sita.