Pete ya Mpira ya Tata Badibanga

Tata Badibanga alikaza mabomba ya migodi hapa Kolwezi mpaka alipostaafu, na kwa maoni yake dunia ina ugonjwa mmoja tu: kuvuja. Paa, ndoa, serikali, vyote angevikaza, mradi apewe spana ya kufaa.

Kilichomshinda kilikuwa chake mwenyewe. Gobori lake, bunduki ile ya kushindiliwa baruti mdomoni, lilikuwa zima mpaka siku alipolikata nyuma na kulitilia bolti kubwa, ili liwe rahisi kusafisha. Likawa rahisi kusafisha. Pia kila lilipolia, moshi ulipenya kwenye bolti ukamfuata usoni. Mara ya mwisho uliondoka na unyusi wa kushoto.

"Papa Abigaëlle," mkewe, Mama Bilonda, alimwambia akimpaka mawese, "hii bunduki ikikurushia moshi tena ku macho, mi nauzisha ku banunuzi ya byuma. Mutoto ataolewa namna gani, baba yake iko na unyusi moya?"

Binti yao Abigaëlle alikuwa anaolewa na kijana wa Sandoa, wa ukoo wa wawindaji ambao wakifika kwa wakwe hulipua baruti mlangoni, na baba wa bibi harusi hujibu. Asipojibu, hakuna sheria inayovunjika. Watu husimulia tu, kwa miaka.

Badibanga akamwaga mezani mkebe wake wa pete za mpira, zile mafundi wanazoita joint, atafute ya kuziba pale kwenye bolti. Nyeusi, ya pampu ya maji, iliingia vizuri, ikaungua kwenye mlio wa majaribio, gobori likiwa limefungwa mtini na yeye akiwa nyuma ya ukuta. Nyekundu ilistahimili moto, lakini ilikuwa laini mno, ikakatika alipokaza. Nene haikuruhusu bolti ifike mwisho. Ndipo akapata ya kahawia, ya pampu ya mafuta ya moto. Ikakaa kwenye mfereji wake kama imezaliwa humo.

Mwindaji angelipua tena aone. Badibanga alikuwa mtu wa mabomba, na bomba hupimwa kwa maji. Akaziba kwa sabuni tundu la fataki, lile linalopitisha moto kwenda kwenye baruti, akajaza mtutu maji, akaketi akiutazama kama watu wanavyotazama mechi. Hata tone halikutoka. Akamwaga maji, akakausha mtutu kwa kitambaa.

"Haivuye!" alimtangazia mkewe.

Jumamosi wakwe wakafika. Tata Kitenge, baba wa bwana harusi, akaelekeza gobori lake juu: puu! Mbuzi wa mahari akajaribu kurudi Sandoa. Wote wakamgeukia Badibanga. Akainua lake, lililokwisha kushindiliwa baruti, akafyatua. Te. Akaweka fataki nyingine. Te.

Mama Bilonda akapiga vigelegele vikali hivi kwamba mbuzi akajaribu tena.

Kitenge akalichukua gobori, akakwangua tundu kwa ukucha, akanusa. "Muko," akamwita, yaani mkwe, "hii ni sabuni."

"Nilikuwa napima kama moshi inatoka."

"Haitoke. Na moto haiingie." Kitenge akamrudishia kwa heshima. "Umefunga nyumba muzuri, muko. Hata mwenyewe amebakia inje."

Wageni waliposhiba, Bilonda alimshika mumewe kidevu, akakagua unyusi uliobaki na ule uliokuwa unaota.

"Moshi haikutoka," akahukumu. "Basi, bunduki itabakia."

Badibanga alikubali hukumu hiyo, na mpaka leo huisimulia kama ushahidi kwamba ile pete ya kahawia ni nzuri sana.