Mtani Alipoapa Wallahi

Ndugu yangu Uweso alizaliwa anapigana. Mama alikuwa akisema mtoto yule alitoka tumboni amekunja ngumi, na kabla mkunga hajamgusa alishampiga mkunga teke la kidevu. Mama yangu alikuwa mtu wa kutia chumvi, Mungu amrehemu. Ninachokijua mimi ni kwamba kule kwetu Mkwaja haukupita mwezi bila mtu kuja kupiga hodi, amemshika mwanawe, mtoto pua inavuja damu, anasema, "Tazameni kazi ya Uweso wenu." Baba naye hakuwa na maneno mengi. Alimfunga kwenye nguzo ya baraza akamchapa kwa kamba mpaka mgongo ukachanika. Mimi, dada yake mkubwa, ndiye niliyemkanda kwa maji ya chumvi. Hakulia. Aliniuliza tu, "Dada Asmahani, hivi baba atazeeka lini?"

Nilipoachwa na mume nikahamia Tanga, naye akanifuata. Tulipanga chumba Ngamiani, mimi nikichoma vitumbua asubuhi, yeye akiendesha lori katika shamba moja la mkonge, njia ya Muheza. Hasira zake zikapungua, maana mtu aliyeshika usukani mikono yake ina kazi. Nikamshukuru Mungu. Nilishukuru mapema.

Shamba lile lilikuwa na bwana shamba, Mzungu mwenye gari dogo la kijani, na alipenda kukimbia. Siku moja, mwaka hamsini na nne, alimkuta Uweso mbele yake na lori limejaa katani, barabara nyembamba, kiangazi. Akapiga honi. Uweso atampisha wapi, kushoto mtaro na kulia mtaro? Bwana yule akala vumbi maili tatu. Walipofika kiwandani alimvuta ndugu yangu kutoka ndani ya lori kwa ukosi wa shati, akamchapa kiboko cha uso mbele ya wakata mkonge wote. Shavu likachanika kuanzia sikioni hadi pembeni mwa mdomo. Uweso akampiga ngumi moja. Moja tu, lakini meno mawili ya bwana yaliangukia kwenye udongo, na nasikia kuna watu waliyatafuta jioni wakayaweka.

Alifungwa miezi minane, na viboko juu yake. Alipotoka alikuwa mkimya, kovu limemvuta mdomo upande, na hacheki tena. Alipata lori jingine la kubeba machungwa ya Muarabu, akawa anatunza kila senti. Nikamuuliza anatunzia nini, mke? Akaniambia, "Nilimlisha vumbi mtu yule bila kukusudia, akanipasua uso. Sasa nitamlisha kwa kusudi. Nataka gari la kumpita mchana kweupe, aone kisogo changu. Nikishampita, dada, sitapigana na mtu tena mpaka naingia kaburini."

Mtu mwingine angecheka. Mimi nilikuwa nimechoka kukanda majeraha. Nikaona kama gari ndiyo dawa, basi dawa inunuliwe, nikauza bangili zangu za dhahabu nikampa.

Lakini gari la kumpita yule halikuwa gari la watu wa vitumbua. Tulizunguka miezi. La kwanza tuliloonyeshwa lilikuwa limepakwa rangi mpya, linameremeta kama bibi harusi. Uweso akaingiza kidole kwenye bomba la moshi, kikatoka kimelowa oili nyeusi. "Injini imekwisha, mmeipaka poda," akasema, akampangusia mwenye gari kile kidole kwenye shati. Wakakabana makoo, nikawaachanisha mimi kwa kiatu. La pili lilikuwa zima, na bei yake nayo ilikuwa nzima. Hatukuuliza mara mbili.

La tatu lilikuwa kwenye gereji ya Tadeo. Tadeo alikuwa fundi Mnyamwezi, Mkatoliki wa Tabora, aliyekuja pwani kwa kazi za mkonge akaishia kushika spana. Gari lenyewe lilikuwa jekundu, viti viwili tu, pua ndefu, boneti limefungwa kwa mkanda wa ngozi. Mgiriki mmoja alikuwa akilishindanisha na wenzake kati ya Korogwe na Tanga, akaligonga kwenye ukingo wa daraja, akakata tamaa na gari na nchi, akarudi kwao. Alimwachia Tadeo alitengeneze, aliuze kwa bei ndogo, amtumie pesa zake.

Hapa lazima niseme jambo, la sivyo mtatuona wajinga. Sisi Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu babu zao wapite kwetu na misafara ya pembe. Mnyamwezi akikukuta unakula anakupokonya sahani. Akisema mama yako amekufa, unamjibu wake alizikwa jana, mnacheka. Kukasirika ni aibu. Tadeo na Uweso walikuwa hawajawahi kuambiana neno la kweli hata moja, na walipendana sana.

Uweso alilizunguka lile gari, akawasha injini akaisikiliza, akaingia chini yake, akatoka. Kisha akachutama mbele ya tairi la kulia. "Tairi hili mbona limelika upande mmoja?"

Tadeo akafuta mikono kwa kitambaa. "Kwa sababu chesi, uti wa mgongo wa gari, imepinda, Mzigua. Nimeinyoosha, nimeichomelea, lakini chuma kikishavunjika hakisahau. Ukienda polepole hili ni gari. Ukikimbia ukakanyaga breki kwa nguvu litakupeleka kulia, hata kama kulia kuna kaburi lako. Usilinunue. Nitakuja kukuzika mimi."

Uweso akacheka. Mara ya kwanza tangu atoke jela. "Sikieni mpagazi anavyojua magari," akasema. "Babu yako alibeba pembe kichwani mpaka shingo ikaingia tumboni, leo unanifundisha chesi?"

"Sitanii."

"Mnyamwezi hatanii," Uweso akawaambia waliosimama pale, nao wakaangua kicheko.

"Wallahi sitanii," akasema Tadeo.

Hapo ndipo alipoharibu kabisa. Mtu ana rozari shingoni anaapa wallahi. Nilicheka mimi, nilicheka mpaka nikaliegemea lile gari, machozi yananitoka. Tadeo akanigeukia, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa. "Dada Asmahani, mwambie ndugu yako." Kila alivyokunja uso ndivyo alivyozidi kutuvunja mbavu. Nikamwambia, "Wee Tadeo, unalitaka mwenyewe ukabebee mihogo." Uweso akatupa pesa kwenye meza ya spana, akampokonya ufunguo mkononi, maana mtani hupokonywa. Tukaondoka na gari letu. Nilipogeuka nilimwona Tadeo amesimama vilevile, mkono wazi, kama mtu anayedai.

Miezi miwili Uweso alikuwa mtu mwingine. Alisalimia watu. Alilifulia lile gari turubai lake kama nguo ya Idi. Breki ilivuta kidogo kulia, akasema gari lina tabia kama yake, litazoea. Wala hakupigana hata mara moja, na mimi nikaanza kumtafutia mchumba.

Jumamosi moja tulikuwa tunatoka Muheza, nimepakata kikapu cha machungwa. Mbele yetu nikaliona lile gari la kijani. Uweso alibadili gia, na mimi nikabanwa na kiti mgongoni. Tulimfikia, tukawa ubavu kwa ubavu. Bwana shamba akageuka, akaliona lile kovu, na nikaona amelijua. Akaongeza mwendo. Uweso naye akaongeza. Tukampita. Vumbi letu jekundu likamfunika, gari na mwenyewe, asionekane. Ndugu yangu akaangalia kwenye kioo akasema kwa sauti ya mtu aliyeshiba, "Yamekwisha, dada."

Na mimi nikafurahi. Sitaki kusema uongo, nilifurahi moyo wote.

Tulipozunguka kona, wanaume wawili walikuwa wanasukuma toroli la mkonge kwenye reli zake, limekatisha barabara. Uweso akakanyaga breki. Gari likageuza kichwa kulia, kama limeitwa. Aliushika usukani kwa nguvu zote alizowahi kuwapigia watu, mishipa ikamtoka shingoni, haukumsikiliza. Kulia kulikuwa na ukingo wa daraja, wa mawe. Alisema neno moja tu. Alisema, "Kumbe."

Mimi nilirushwa katikati ya mkonge. Miiba ilinichoma mikono na mapaja, mfupa wa bega ukavunjika, machungwa yalikuwa yanabingirika barabarani na mimi nayaona. Nilijikokota mpaka kwenye gari. Usukani ulikuwa umemwingia kifuani. Alikuwa ananitazama, lakini damu ilishamjaa mdomoni, haikumpa nafasi ya kusema. Lile gari la kijani likafika. Bwana shamba alipunguza mwendo, akatazama, akatupita. Vumbi lake likamshukia ndugu yangu usoni, na mkono wangu uliobaki mzima ndio niliomfutia.

Maiti ililala kwetu Ngamiani, tukaazimia kuzika kesho yake asubuhi. Akaja Idarusi kutoka Mkwaja, mtoto wa baba yetu mdogo, na vijana sita wenye bakora. Idarusi aliuliza swali moja tu: gari lile mliuziwa na nani? Watu wakamwambia. Nilikuwa nimeketi mkekani na wanawake, mkono umefungwa kifuani, na nilisikia kila neno.

Kwetu msiba hauna heshima bila mtani. Mtani ndiye hulala kizingitini jeneza lisipite. Humtukana marehemu mpaka wafiwa wacheke, hulipwa, ndipo ainuke. Kwa hiyo Tadeo alikuja. Angeweza kukimbilia Tabora, watu walimshauri. Alikuja saa tatu, amevaa kanzu ya kuazima, amebeba ufagio kama watani wanavyofanya. Alipoingia uwanjani Idarusi akasema, "Muuaji huyo," na bakora ya kwanza ikamshukia kichwani.

Walimpiga. Mimi nimeona watu wakipigwa tangu utoto wangu, lakini sijaona vile. Alianguka, wakampiga amelala. Alisema, "Nilimwambia," wakampiga kwa kusema. Akanyoosha mkono wa kulia kujikinga, Idarusi akaushikiza chini kwa mguu, kijana mmoja akaushushia bakora, na sisi tuliokaa upande wa wanawake tulisikia mifupa. Mkono wa fundi. Tadeo hakuwatazama wao. Alinitazama mimi.

Na mimi nilinyamaza. Nikisema alituonya, nitaulizwa, na nyinyi mkafanya nini? Nitajibu nini? Nilikaa na aibu yangu huku mtu anauawa kwa ajili yake. Watu wa mtaani walikuwa wakinifariji kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Uongo. Sikio lilisikia. Masikio mawili, lake na langu, yalisikia vizuri.

Idarusi akaomba panga. Nilipomwona mtu anaingia jikoni kulileta, miguu ikaniinua yenyewe. Nikapita katikati ya wanaume kichwa wazi, nikamwangukia Tadeo juu, bega langu likalia upya, nikasema, "Mkate mimi kwanza. Alimwambia. Mbele yangu alimwambia chesi imepinda, akaapa wallahi, akanisihi mimi dada mtu. Tukamcheka. Ufunguo hakutoa, tulimpokonya. Na Uweso amekufa anajua."

Idarusi alibaki na bakora mkononi hajui aiweke wapi. Mwenye panga alisimama mlangoni, kisha akalirudisha jikoni taratibu.

Tadeo akajikokota. Nilidhani anaelekea barabarani. Alielekea mlangoni, akalala kizingitini mbele ya jeneza, mkono umevimba kama boga, kanzu ya watu imejaa damu. Akaita ndani, "We Mzigua mvivu, amka, gari limeharibika, njoo usukume."

Hakuna aliyecheka. Idarusi akatoa pesa, akaziweka karibu na kichwa chake. "Tusamehe mtani. Tupishe tuzike."

"Pesa zako sizitaki," Tadeo akasema. "Mtani haondoki watu hawajacheka." Akageuza shingo mpaka akaniona. "Asmahani. Siku ile ulicheka bila kuombwa. Leo nakuomba."

Hakunisema kwa ubaya, laiti angenisema kwa ubaya. Nikafungua mdomo, sauti ya kwanza haikuwa kicheko, nikaimeza. Nikajaribu tena. Nikacheka. Nilicheka peke yangu katika uwanja wa watu waliolia, nikashika ubavu kama siku ile, nikacheka mpaka Tadeo akasema, "Basi, dada, inatosha."

Akainuka kwa mkono mmoja akapisha mlango, nao wakambeba ndugu yangu wakamtoa.