Adhana na Nyanya za Jirani

Sheria ya kelele ilipofika mtaani kwetu Gisenyi, niliipokea kwa furaha ambayo mwanamke asiyesali hapaswi kuionyesha hadharani. Vipaza sauti vya msikiti vilizimwa, na kwaya ya walokole nayo ikaambiwa ishushe sauti. Chuo kikuu nilisomea mambo ya dola na dini, na wakati huo nilikuwa naandika makala kueleza kwamba sheria nzuri haibagui: humnyamazisha kila mtu sawasawa. Nikawa nalala hadi saa mbili, kwa msimamo.

Wiki haijaisha, jirani yangu akabisha hodi. Ni mjane, mlokole wa kufunga na kukesha, aliyerudi kutoka Congo. Kila asubuhi huvusha beseni la nyanya mpakani, pale Petite Barrière, kwenda Goma. Mteja wake mkubwa ana mgahawa huko, na hasubiri mtu. Siku hiyo jirani alichelewa kuamka, akarudi na beseni likiwa bado limejaa. Mteja alikuwa amemwonya: akichelewa tena, atanunua kwa mwingine.

"We mutu wa masomo," akasema, "hiyo sheria yenu imeniibia saa yangu."

"Saa gani, mama?"

"Ya muadhini! Miaka yote ni ule muzee iko ananiamusha."

"Si una simu?"

"Telefone inaamusha masikio. Miguu inabakia mu kitanda. Lakini muzee akiita, mutu anasikia haya kulala."

"Na wewe ni mlokole."

"Bon. Mungu ya kuamusha watu iko moja. Ya kulala ndiyo sijue."

Tukaenda kwa muadhini, ambaye mchana ni fundi cherehani. Alicheka mpaka akasimamisha cherehani. Sheria ni sheria, akasema. Sasa anaadhini kwa koo tu, na koo lenyewe limezeeka. Jirani akamwomba basi, akipita kwenda msikitini, amgongee dirisha.

Kicheko kikakatika. "Mimi? Alfajiri, dirishani kwa mjane? Jua likichomoza mtaa utakuwa umeshatuozesha."

"Na mi siwezi kuolewa na mutu mwenye anashona rinda inapinda."

Nilikuwa nimeandika kurasa nyingi kuhusu mipaka ya sheria, dini na maadili, na sikuwahi kuiona ikikutana mahali padogo hivyo. Hakuna sheria inayomzuia fundi kugonga dirisha, wala dini yake haina neno juu ya nyanya. Kilichomzuia ni heshima ya mwanamke, na hiyo haikuandikwa popote. Ilijulikana tu, na wote wawili waliitii bila kubishana.

Kisha wakanigeukia pamoja. Chumba changu na cha jirani vinachangia ukuta.

"Dada," fundi akasema, "mimi nitagonga lango lako la barabarani, wewe utamgongea ukuta."

Nilianza kueleza kwamba mimi si muumini. Hakuna aliyeniuliza.

Basi jambo hili ndilo nililoliongeza kwenye makala, na ninalisimamia: sheria inaweza kuondoa kelele, lakini kazi iliyokuwa ikifanywa na kelele lazima mtu aifanye. Mteja wa Goma bado ananunua kwa jirani yangu.

Jana lango liligongwa nikajifunika blanketi, nikiwaza aya nzuri sana kuhusu wajibu.

"Dada!" fundi akaita kutoka barabarani. "Sijasikia ukuta!"

Nikainuka, nikaokota kandambili, nikagonga.