Siku Ambazo Mama Syprose Hakula

Kabla ya kumega ugali, Mama Syprose aliweka kiganja juu yake kwanza, kimya, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Hakuacha kufanya hivyo katika miaka sita niliyokuwa mpangaji wake mjini Busia, mpakani na Uganda, hata daktari alipompunguzia ugali ukawa mdogo kuliko kiganja chenyewe.

Alikuwa mjane, mnene, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, sokoni, mwenye sauti iliyovuka mpaka bila kibali. Mwaka 1996 kidonda kilitokea kwenye wayo wake wa kushoto, kikakataa kupona. Ilikuwa ni sukari. Daktari alimpa miezi mitatu: sukari ishuke na kidonda kianze kufunga, la sivyo mguu utakatwa chini ya goti. Akampa pia kazi ya nyumbani. Kila siku aandike kwenye daftari alichokula na mazoezi aliyofanya.

"Mguu huu umeenda Uganda mara nyingi kuliko lori," aliniambia tukitoka. "Siwezi kuuacha hospitali kama mwavuli."

Mwezi ulipokwisha nilimsindikiza tena kliniki. Daktari alisoma daftari kwa sauti.

"Jumatatu, sikula. Jumanne, sikula. Jumatano, ugali kidogo na omena. Alhamisi, sikula." Akageuza ukurasa. "Mazoezi: Busia hadi Busibwabo, kwenda na kurudi. Kila siku, mama?"

"Isipokuwa Jumapili."

Alipandishwa kwenye mizani. Alikuwa ameongezeka kilo tatu. Daktari akamshusha, akapanda mwenyewe, akashuka, akampandisha muuguzi. Mizani haikuwa na kosa.

"Umekaa na njaa siku kumi na tisa, ukaenda Busibwabo na kurudi, ukanenepa?"

"Hata mimi nimeshangaa, daktari. Labda ni hewa."

Kidonda kilikuwa kimepanuka. Alilia njia nzima, nami nilimwamini. Kesho yake saa nne asubuhi nilipita sokoni nikamkuta ameshika kiazi kitamu, maganda ya vingine vitatu mapajani, na sahani tupu ya wali kando yake.

"Mama, si umesema hujala?"

"Sijala."

"Na hicho?"

"Kiazi."

"Na huo wali?"

"Safia amenipa. Mwalimu, wewe nawe! Mtu hajaona ugali, atasemaje amekula? Hivi ni vya kupitisha muda."

"Ni kweli," akasema Safia kutoka kibanda cha pili, kwa huruma. "Huyu tangu jana hajatia kitu tumboni."

Nilikuwa mwalimu wa sayansi kimu. Miaka kumi na minane nilikuwa nikichora makundi ya vyakula ubaoni, na sikuwa nimewahi kumwuliza mtu yeyote chakula ni nini.

Jioni hiyo tulipiga mstari katikati ya ukurasa. Upande mmoja chakula, upande wa pili vya kupitisha muda. Siku ya kwanza upande wa pili ulijaa ukaingia hadi ukurasa wa tatu: mandazi, muhogo, mahindi ya kuchoma, chapati ya msibani, ndizi za kukaanga. Mama Syprose aliusoma polepole, kidole chini ya kila neno.

"Huyu mtu anakula," alisema hatimaye, kama anayemteta jirani.

Yakabaki mazoezi. Busibwabo alikuwa akienda kweli, ila nyuma ya baiskeli ya Mutwalibu, kijana wa bodaboda.

"Sasa aliyefanya mazoezi ni nani?" nikamwuliza.

"Sisi."

"Mama."

"Basi, Mutwalibu. Lakini mimi ndiye nilimtuma."

Mutwalibu alikuwa amekonda sana mwezi huo.

Kidonda hakikutaka kukanyagwa, kwa hiyo aliamua kuendesha mwenyewe, akisukuma pedeli kwa kisigino. Alijifunza kwa siku nne na kuanguka mara kumi na moja, yote yaliandikwa. Mutwalibu, kwa kuihurumia baiskeli yake, alikaa nyuma, upande upande kama wanavyokaa kina mama, ili awahi kuruka.

"Mutwalibu! Umeolewa lini?" wenzake walimpigia kelele stejini, kwenye kituo chao.

"Bibi harusi, shika sketi!"

"Ongeeni na dereva," alijibu. "Mimi ni abiria. Nyabo, mama yangu, polepole, shimo hilo!"

Miezi mitatu ilipotimia daktari alikibonyeza kidonda kandokando, akatazama karatasi ya damu, akasema mguu unabaki. Mama Syprose alikataa kushuka kitandani mpaka daktari aandike hivyo daftarini kwa mkono wake. Daktari akaandika, "Mguu unabaki," upande wa chakula, kwa kuwa ndio uliokuwa na nafasi.

Mwaka 1998 nilihamishiwa shule moja ya Amukura. Mizigo ilitangulia kwa pikapu. Mama Syprose alishikilia kunipeleka stejini mwenyewe kwa baiskeli. Nilikaa nyuma yake nikisikia mgongo wake ukifanya kazi chini ya gauni. Baada ya hapo sikumwona tena; mwaka uliofuata malaria ilimchukua, akazikwa na miguu yake yote miwili. Siku hiyo, barabara ilipoanza kupanda, alifunga breki, akahema, akanigeukia, akalitazama tumbo langu.

"Shuka, Mwalimu. Mlima ndio huu, na wewe hujawahi kuandika unachokula."