Moshi wa Merikebu

Mimi ni fundi wa kupaka rangi nyumba hapa Ufukoni, Mtwara, na juzi nimejiumbua mwenyewe.

Nilikuwa napaka ofisi moja karibu na bandari. Ukutani palikuwa na picha ya merikebu ya zamani ya mizigo, imetandaza matanga. Ndugu Meneja akaniambia, "Fundi, itoe kwenye fremu, kioo kimepasuka. Lakini taratibu, hiyo ni rangi ya maji."

Kwetu mafundi, rangi ya maji ni ile ya kuta. Ikishakauka, unaifuta vumbi kwa kitambaa chenye maji. Basi nikafuta. Kumbe ile ya wachoraji, hata ikikauka, huyeyuka ikiguswa na maji. Tanga la katikati likaondoka na kitambaa, likabaki doa la kijivu.

Sikutaka kufukuzwa kazi. Nikachukua brashi, doa nikaligeuza moshi, moshi mzuri kabisa, unapanda hadi mawinguni.

Kesho yake Meneja akawaonyesha wageni picha yake kwa madaha. "Hii haikuwa na injini, ndugu zangu. Ilikwenda kwa upepo mtupu."

Mama mmoja akasogea karibu. "Sasa moshi huu unatoka wapi?"

Nilikuwa juu ya ngazi, hakuna aliyeniuliza mimi. Nikajibu, "Jikoni, mama."

Wote wakainua macho, wakaitazama brashi yangu.