Kovu Mahali pa Tarumbeta

Kidonda kilitokea juu ya mdomo, karibu na katikati, pale pale ninapowekea tarumbeta. Nina ualbino na ngozi yangu nimeikagua tangu utotoni, lakini hicho nilidhani ni sugu ya kupuliza. Wapigaji wengi tunazo. Majibu ya maabara yalisema ni saratani.

Nilifanyiwa upasuaji hapa Mbeya. Nilipomuuliza daktari kama nitapiga tena, alisema saratani imetoka yote. Kuhusu tarumbeta, tusubiri kovu.

Nyuzi zilipotolewa ulibaki mstari mfupi, mwekundu. Baadaye ukavimba, ukawa mgumu kama kamba ya katani, ukauvuta mdomo juu. Nikicheka, jino moja linachungulia. Nilielekezwa kulikanda kovu kwa mafuta asubuhi na jioni, na kofia pana nisiivue juani. Nilikanda nikisubiri maji ya ugali yachemke, nikakanda nikitazama taarifa ya habari.

Daktari aliponiruhusu kupuliza, nilirudi kwenye mazoezi ya bendi, kanisani kwetu Ilomba. Ukingo wa tarumbeta ulikaa juu ya kovu, hewa ikavujia pembeni.

"Dada, hilo tarumbeta au unapoza chai?" akauliza mpiga ngoma.

Watu wakacheka, nami nikacheka. Mwalimu wa bendi hakucheka. Harusi ya mdogo wangu ilikuwa imekaribia, nyumbani kwa mama, Ipogolo, na bendi ndiyo ingewapokea maharusi. Akaenda stoo, akarudi na besi, lile tarumbeta kubwa la kupakata.

"Jaribu hili. Mdomo wake mpana."

Ukingo ulilizunguka kovu bila kuligusa. Nikapuliza. Sauti ilitoka nene, ikitetemeka kidogo, lakini hewa haikuvuja.

Siku ya harusi nilikaa safu ya nyuma, kofia kichwani, nikapiga nyimbo zote. Tulipomaliza mama akanifuata.

"Nimekutafuta kwenye sauti za juu, sijakusikia."

"Niko chini siku hizi, mama. Ile nzito ndiyo mimi."

"Ile iliyokuwa inatikisa benchi?"

"Ndiyo."

Alininyanyua kidevu, akalibonyeza kovu kwa kidole gumba, taratibu, kama anayepima parachichi sokoni.

"Bado gumu," akasema. "Mafuta yako yako wapi?"

Nikayatoa kwenye mkoba. Akaketi kando yangu, akaanza kukanda.