Treni Ambayo Haisimami Kibwezi

Baba yangu aliiita treni ya stima, yaani ya umeme. Inatumia dizeli, lakini pale kwetu Kiboko hakuna aliyejisumbua kumsahihisha. Tulikuwa tumehamia huko kutoka Kanyangi nikiwa mdogo, baba alipopata kazi ya kumwagilia maji mashamba ya utafiti. Reli mpya ilipokuja alikuwa amekaribia kustaafu, na akazijua treni zake kama mtu anavyojua ng'ombe wa jirani. Ya asubuhi kutoka Nairobi ilisimama kila stesheni. Ya alasiri ilikuwa ekspresi, ikienda Mombasa moja kwa moja.

Alipostaafu, wazee wa kanisa walipanga kuja nyumbani Jumamosi kumwombea na kula pamoja naye. Mama akaandaa muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, na mbuzi akachinjwa. Mimi ningetoka Nairobi kwa treni ya asubuhi na kushuka Kibwezi. Baba alisema atakuja kunichukua yeye mwenyewe, akibebwa na jirani yetu kwa pikipiki.

Siku moja kabla ya safari, kule ofisini nilikokuwa bado mgeni, wenzangu walikuwa wakipanga kwenda Mombasa. Mmoja, ambaye tulikuwa tunakaa meza moja, akaniuliza naenda wapi wikendi. Badala ya kusema Kiboko, nikasema Mombasa.

"Si basi ukuje na sisi kwa ekspresi?" akasema. "Ama wewe unapanda ile ya kusimama kwa kila kichaka?"

Watu wakacheka. Nami nikacheka. Nikanunua tikiti ya ekspresi kwa simu pale pale, yeye akiangalia.

Jumamosi asubuhi nilikuwa bado kitandani baba aliponipigia. Alikuwa ameshafika Kibwezi. Yeye huniita baba, kwa sababu nina jina la baba yake.

"Baba, kuna treni imeingia hapa. Watu wameshuka wote na sijakuona."

Ningeweza kusema ukweli wakati huo. Ingekuwa aibu ndogo, na angefika nyumbani kabla ya wageni. Nikamwambia, "Hiyo ni nyingine, baba. Yetu imechelewa. Hatujatoka Nairobi."

Alikuwa amezitazama treni zile kila siku ya kazi, na sasa mwanawe alikuwa akimwambia kwamba hajui anachokiona.

"Haya," akasema. "Nitangoja."

Adhuhuri alipiga tena. Wazee walikuwa wamefika nyumbani, na mama amenitengea nyama. Nilimwambia arudi, mimi nitatafuta njia. Akakataa. Alisema kutoka stesheni hadi barabara kuu ni mbali kwa mtu mwenye mizigo. Nilikuwa na mkoba mmoja tu wa mgongoni.

Alasiri nikapanda ekspresi na wenzangu, daraja la kwanza. Walikuwa wakipiga picha. Tulipopita Emali nilianza kuhesabu dakika, na nilipojua tunakaribia Kibwezi niliinamisha kichwa na kujifanya nasoma ujumbe kwenye simu. Stesheni ilipita upande wa dirisha langu. Sikuinua macho.

Halafu nikaenda kusimama karibu na choo, nikampigia.

"Baba, imepita bila kusimama. Sijui dereva alikuwa na nini."

"Nimeiona," akasema. "Ngoja niwaulize hawa watu."

Nilimwambia aache, lakini alikuwa amekata simu. Hakupiga tena. Mombasa nilikula samaki na wenzangu, na kila mara mtu aliposema jambo la kuchekesha nilikuwa wa mwisho kucheka.

Ilinichukua miezi kadhaa kurudi nyumbani. Safari hii nilipanda ile ya kusimama, nikashuka Kibwezi, na jirani akanipokea kwa pikipiki yake. Tukiwa tunafunga mkoba, akanisimulia, bila nia ya kuniumiza.

"Siku ile mzee aligombana na askari wa getini hapa. Akamwambia, mmembeba mtoto wangu mkapita naye. Askari akamuuliza mtoto alikuwa treni gani. Mzee akasema ile ya asubuhi, iliyochelewa. Askari akamwambia, mzee, ya asubuhi ilifika kwa saa yake ukiwa umesimama papa hapa. Hii ni ekspresi, haisimami Kibwezi. Mtu akiipanda, anajua."

"Na baba akasema nini?"

"Alimwomba askari msamaha, akaniambia tuende. Njiani akaniambia nisimwambie mama yako."

Nilimkuta baba uani akipepeta mbaazi. Nilimsalimia, nikaketi kwenye jiwe mbele yake, nikamwambia kwamba siku ile nilidanganya.

"Najua," akasema.

"Niliona haya mbele ya watu wa kazini."

Aliendelea kupepeta. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka tu kuelewa, "Haya ya nini? Ya sisi?"

Nilitaka kusema hapana, lakini nilikuwa nimechoka kumdanganya, na yeye akauliza kama nimekula.

Kesho yake tulienda kanisani pamoja. Baada ya ibada, mmoja wa wale wazee waliokuja nyumbani siku ile alinishika mkono, akaushikilia kwa muda mrefu.

"Kazi imepungua sasa?" akaniuliza. "Mzee wako alirudi jioni akatuambia wakubwa wako wamekuzuia. Tulikuwa tumekuja kumwombea yeye, lakini akasema tukuombee wewe. Tuliomba sana."

Baba alikuwa amesimama kando yangu. Hakunitazama. Alitazama viatu vyake, ambavyo alikuwa amevipaka rangi asubuhi ile, nami nikaelewa kwamba alikuwa amewadanganya wazee wa kanisa lake nyumbani mwake, siku ya kuombewa kwake, ili mimi nisidharauliwe.

"Imepungua," nikasema. "Nashukuru kwa maombi."